Mti wa Mgeni Rasmi

Liko neno moja ambalo hutumika sana katika maofisi na katika mikutano, nasi tumelisikia mpaka masikio yamechoka. Neno hilo ni "mwamko". Husemwa ya kuwa wananchi wa Mpwapwa hawana mwamko. Miti ilipandwa ikafa: wananchi hawana mwamko. Kamati ya mazingira ya kijiji iliundwa, ikakutana mara mbili, haikukutana tena: hawana mwamko. Vijana waliitwa katika maandamano ya tabianchi, mwaka wa kwanza wakaja wengi, mwaka wa pili wakaja wachache, mwaka wa tatu akaja mwenye kipaza sauti na rafiki yake. Hapo napo ni mwamko. Aliyeleta mradi hana kosa, aliyeandika mpango hana kosa, gari halina kosa, wala fulana hazina kosa. Mwenye kosa ni mama wa Godegode ambaye, eti, amelala usingizi wakati dunia inaungua.

Sisi twasema wazi ya kuwa maneno hayo ni ya uongo, na tena ni matusi kwa watu wetu.

Twauliza: nani katika nchi hii anahitaji kuamshwa kuhusu ukame zaidi ya Mgogo? Mvua ya hapa kwetu ni ya msimu mmoja, tangu mwisho wa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Watu wamejifunza kulima uwele na mtama katika mvua hiyo, na kufuga, na kuhama inapobidi. Ugogo uliipa njaa jina: wazee wanaitaja Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 mpaka 1920, pale vita vya wazungu vilipochukua chakula, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua ikakosekana, na watu wakafa kwa maelfu. Mwaka 1961, mwaka ule ule bendera yetu ilipopandishwa, Jimbo la Kati lilikuwa na njaa. Mtu ambaye babu yake alizikwa katika Mtunya hahitaji semina ya siku mbili na karatasi za kubandika ukutani apate kujua ya kuwa mvua ni jambo la kufa na kupona.

Ni kweli, hasemi "tabianchi". Husema mvua zimechelewa, jua limezidi, mto umehama. Watu wa Gulwe na Godegode wanaujua mto Kinyasungwe kuliko mtaalamu yeyote. Wameuona ukishusha mchanga kutoka vilimani, kitanda chake kikijaa, maji yakatafuta njia mpya mashambani na katika reli. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliivunja Reli ya Kati katika sehemu hii ya Kilosa na Gulwe, na treni zikasimama kwa miezi. Waliolala stesheni na mizigo yao hawakuhitaji kuelezwa maana ya udongo kuondoka mlimani.

Na elimu yenyewe imepimwa hapa hapa. Katika miaka ya 1930, katika kituo cha mifugo cha Mpwapwa, yalitengwa mapande ya ardhi yenye mteremko, yakawekwa mapipa chini yake, ikapimwa mvua inayotiririka na udongo inaouchukua. Kwenye pande lililoachwa wazi bila jani, karibu nusu ya mvua ilikimbia. Kwenye pande la uwele ilikimbia kiasi cha robo. Kwenye kichaka kisicholishwa mifugo haikufika hata sehemu moja kwa mia. Kwa hiyo Mpwapwa imejua kwa karibu miaka 90, kwa hesabu ya mapipa, ya kuwa kichaka hunywa mvua na ardhi tupu huitema. Hatuna upungufu wa kujua. Kama kujua kungetosha, Kiboriani ingekuwa imefunikwa na msitu mpaka miguuni.

Basi tatizo ni nini? Kwa nini watu huanza kwa wingi na kuishia njiani?

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika sherehe ya kupanda miti kwenye kijiji kimoja cha wilaya hii. Hatutakitaja, maana kosa si lake, na vijiji vyenye kisa kama hicho ni vingi. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, muziki unalia. Matundu yalikuwa yamechimbwa jana yake na vibarua wa kulipwa. Wananchi walikaa juani tangu saa mbili asubuhi, na mgeni rasmi akafika saa sita. Akapanda mti wake, ukawekewa kibao chenye jina lake na tarehe. Wakubwa wengine nao wakapanda, nao wakawekewa vibao. Picha zikapigwa. Meza kuu ikanywa soda. Miche iliyobaki, mia kadhaa katika viriba vyeusi, ikagawiwa watoto wa shule waimalize haraka, maana magari yalikuwa yanarudi mjini. Ilikuwa mwezi wa Aprili.

Tuseme neno juu ya mwezi huo. Siku ya taifa ya kupanda miti imewekwa kwa miaka mingi kuwa Aprili 1. Kilimanjaro na Pwani, Aprili ni masika, mche hupata maji ya kutosha kushika mizizi. Hapa kwetu, Aprili mvua inaaga. Mche uliowekwa ardhini siku hiyo una wiki chache tu kabla ya miezi saba ya jua na upepo. Mkulima wa Mpwapwa hawezi kupanda hata mbegu moja ya mtama mwezi huo. Lakini akiitwa apande mti, na asipokwenda, huyo hana mwamko!

Tulirudi kijijini pale mwezi wa Septemba. Viriba vilikuwa vimenasa katika miiba. Miche ilikuwa vijiti. Vibao ndivyo vilivyokuwa hai, vimesimama wima kila kimoja na jina lake, kama makaburini. Karibu yake mzee mmoja alikuwa amekaa chini ya mgunga, mbuzi wake wakitafuta maganda.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mbukwenyi."

"Babu, mbona miti hii haikumwagiwa maji?"

Alitutazama kitambo. "Miti ipi? Ile ni ya mgeni rasmi. Jina lake si lile pale? Kama ana kiu na aje ainyweshe." Kisha akaugusa mgunga alioegemea. "Mti wangu mimi ni huu. Haukupandwa na mtu. Baba yangu alipofyeka shamba aliukuta ni kisiki kinachochipua, akauacha. Sasa wanangu, maji twayafuata saa moja kwenda na saa moja kurudi. Ndoo moja nimpe nani, mjukuu wangu au mti wa mgeni?"

Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatujaona ofisi iliyo nalo. Mzee yule alikuwa na hesabu iliyo kamili kuliko taarifa iliyoandikwa siku ile ya sherehe. Taarifa ilisema miche kadhaa imepandwa. Haikuandikwa taarifa nyingine.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Tunahesabu miche iliyopandwa, hatuhesabu miti iliyo hai. Kila halmashauri imeagizwa kupanda miche 1,500,000 kwa mwaka. Tanzania Bara ina halmashauri 184. Zidisha, utapata miche 276,000,000 kila mwaka. Kama yote ingekuwa imeishi, leo mtu angepita kwa panga kutoka stesheni ya Gulwe mpaka Mpwapwa mjini. Desemba 2017, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na wengi walijitokeza kwa moyo. Moyo ulikuwepo. Tunalouliza ni kuhusu mwaka wa pili, na wa tatu, na wa sita: katika kila mtaa na kila kijiji, ni nani aliyepewa kazi ya kwenda kutazama, na alipeleka habari kwa nani?

Mwananchi aliyeitwa siku moja kupiga makofi, asiulizwe tena mpaka mwaka unaofuata atakapoitwa kupiga makofi mengine, huyo hakushirikishwa. Alikuwa mtazamaji. Na mtazamaji ana haki ya kuchoka na mchezo aliouona mara tatu.

Mambo haya si mapya, na Chama chetu kingepaswa kuyakumbuka kuliko mtu mwingine yeyote. Mkoloni naye alikuwa na neno lake mfano wa "mwamko". Alisema mwenyeji ni mvivu na mharibifu wa udongo. Akatunga amri. Huko Usambara, kuanzia Mlalo, na huko Uluguru, watu walilazimishwa kulima matuta kwa vipimo vya bwana shamba, na asiyelima alitozwa faini au kufungwa. Uluguru matuta ya ngazi yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakapungua, na mkulima aliyesema hivyo akaitwa mkaidi. Julai 1955 pale Matombo polisi walipiga risasi, na mtu akauawa. TANU ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa Julai 1954. Ilipata wanachama wengi milimani kwa sababu ya matuta hayo. Waluguru hawakuwa na ugomvi na udongo wao wenyewe. Ugomvi wao ulikuwa na amri ambayo haikuwauliza kitu.

Na tukumbushe, maana wengine husahau: hao hao waliomwita mwenyeji mharibifu ndio waliokuja Kongwa mwaka 1947, Kongwa ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mpwapwa, wakang'oa vichaka kwa matrekta na minyororo ili kulima karanga. Hawakumwuliza Mgogo kuhusu mvua. Baada ya miaka minne mpango ulikufa, mamilioni ya pauni yakapotea, na ardhi ikabaki tupu. Hakuna aliyesema ya kuwa Waziri wa Chakula wa Uingereza hakuwa na mwamko.

Lakini baada ya Uhuru, je, sisi wenyewe tulifanya tofauti? Hapa lazima tuseme kweli hata kama itatuuma. Mwaka 1973 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Nia ilikuwa njema na hatari ilikuwa kweli. Makorongo ya Kondoa yalikuwa yakimeza mashamba. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika la Kondoa, kilomita za mraba 1,256, na wanyama zaidi ya 80,000 wakatolewa. Majani yalirudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kupona. Asiyekiri hayo ni mbishi tu. Lakini hifadhi ile ililindwa na askari wa hifadhi na fedha za mradi. Msaada ulipokoma katika miaka ya 1990, ulinzi ukalegea, na mifugo ikaanza kurudi kidogo kidogo. Mtu uliyemfukuza hawezi kuwa mlinzi wako siku askari atakapokosa mshahara.

Linganisheni na Shinyanga. Huko nako ardhi ilikuwa imekuwa jangwa, vichaka vikiwa vimefyekwa kwa ajili ya mbung'o, kwa pamba na kwa kuni. Mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza. Wenye mpango, baada ya kujaribu vitalu vya miche, waligundua ya kuwa Wasukuma wana desturi yao ya zamani iitwayo ngitili: pande la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lilishe ndama na wagonjwa wakati wa kiangazi. Wakaacha kupigana na ng'ombe, wakaishika ngitili. Familia ikawa na ngitili yake, kijiji kikawa na yake, na aliyevunja alishitakiwa mbele ya wazee wa dagashida wala si mahakamani Tabora. Wakati HASHI inaanza zilikuwa zimebaki ngitili za kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilifika zaidi ya hekta 300,000. Mpango wa HASHI ulikwisha mwaka 2004, lakini ngitili hazikuwa za mpango, kwa hiyo hazikuwa na sababu ya kwisha siku hiyo.

Nchi ni moja, ukame ni mmoja, ng'ombe ni wale wale. Tofauti ilikuwa nani mwenyewe, na shauri husemwa wapi.

Huko Kenya marehemu Wangari Maathai alilijua jambo hili tangu 1977. Akina mama wa vikundi vyake walilipwa senti chache kwa kila mche ulioishi. Uliokufa haukulipwa. Ni jambo dogo, lakini lilimfanya mama arudi kutazama.

Wapo watakaosema: hayo ni ya vijijini, harakati za tabianchi ni jambo la dunia nzima. Vema, tuitazame dunia. Agosti 2018 binti wa Sweden, Greta Thunberg, alikaa nje ya bunge la Stockholm na bango lake. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 2019, wanafunzi na watu wazima kwa mamilioni walijaza barabara za miji mingi duniani. Kisha mwaka 2020 korona ikafunga milango, na milango ilipofunguliwa umati ule haukurudi kama ulivyokuwa. Sisi hatuwacheki vijana wale. Walisema kweli mbele ya wakubwa waliozoea kusifiwa. Lakini maandamano humwomba mtu jambo moja tu, naye ni kuja. Amekuja. Amerudi nyumbani. Kesho yake afanye nini, na nani, chini ya mti gani? Asipokuwa na jibu, mwezi wa pili hatakuja, na si kwa kuwa amekubali dunia iungue.

Na kwa watu wetu lipo la zaidi. Januari 2020 Vanessa Nakate wa Kampala alipiga picha pamoja na wenzake wazungu huko Davos, na shirika moja la habari likamkata katika picha, wakabaki weupe wanne. Mwafrika anaalikwa kwenye harakati kama shahidi wa mateso. Asubiri zamu yake, alie kidogo, kisha atoke pembeni. Ni mgeni rasmi kwa namna nyingine, bila hata kibao.

Hapana shaka moshi mwingi si wetu. Afrika yote hutoa kiasi cha sehemu nne tu kwa mia za hewa chafu ya dunia. Tudai haki yetu, na mfuko wa hasara na madhara uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 tuudai mpaka shilingi ya mwisho. Lakini tusiwaruhusu naizesheni wetu waligeuze dai hili kuwa mto wa kulalia. Korongo linalokula shamba halingoji hundi kutoka Ulaya.

Sasa tuje nyumbani kabisa. Kati ya 1954 na 1961 TANU haikuwa na magari wala wafadhili. Iliwezaje kuwashika watu kwa miaka saba, wakati kampeni za siku hizi haziwezi kuwashika kwa miezi saba? Mwanachama alikuwa na kadi aliyoinunua kwa senti zake. Alitoa ada, na kwa kuwa alitoa ada aliuliza ada imefanya nini. Tawi lilikutana, mvua au jua, hata siku ambayo hakuna mgeni. Kila mtu alikuwa na kazi ndogo aliyoulizwa mkutano uliofuata: huyu kupeleka barua, yule kuuza kadi, mwingine kuwapikia wajumbe. Na Bibi Titi Mohamed alipotaka kuwaleta akina mama wa Dar es Salaam mwaka 1955, hakuunda kamati mpya ya wanawake yenye mwenyekiti, katibu na posho. Aliwaendea katika vikundi vyao vya ngoma, walipokuwa tayari wamekusanyika, wanajuana na kuaminiana.

Wenye miradi ya siku hizi hufanya kinyume kabisa. Kila mradi unakuja na kamati yake. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na kamati ya mazingira, kamati ya maji, kamati ya misitu, kamati ya maafa na kamati ya kusimamia kamati, na watu ni wale wale wanane, kwa kuwa ndio wanaojua kusoma karatasi za mahudhurio. Mradi ukimaliza miaka yake mitatu au minne, kamati inakufa na daftari lake. Wakati huo huo, katika kijiji hicho hicho, kwaya ya kanisa inakutana kila Jumamosi, vikoba vinakutana kila wiki na hakuna anayekosa, chama cha kuzikana hakijavunjika tangu enzi za babu. Hao hakuna aliyewauliza. Eti watu wa kijiji kile hawana moyo wa kushiriki!

Na Chama? Tunalijua tawi moja ambalo kila mwaka, katika sherehe za kuzaliwa kwa Chama mwezi wa Februari, hupanda miti. Mwaka unaofuata hupanda tena. Matundu ni yale yale. Mwenyekiti mmoja alituambia kwa furaha kwamba kazi ya kuchimba imekuwa nyepesi. Tulicheka wote, kisha tukanyamaza, maana tulikumbuka ya kuwa balozi wa nyumba kumi anajua idadi ya kuku wa kila nyumba. Hakuna mtu mwingine katika nchi hii anayeweza kusema, bila gari na bila posho, nyumba hii ina miti mingapi hai na ile ina mingapi. Tumekuwa na chombo hicho tangu miaka ya 1960, na tunakitumia kutafuta kura.

Kuna wanaotuambia ya kuwa mwenye njaa hawezi kungoja mti miaka kumi, na hilo hatulipingi hata kidogo. Anayechoma mkaa Rudi au Kibakwe anachoma kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa mwezi huu, na mkaa wake unapikia chakula cha watu wa Dodoma mjini wanaomlaumu. Tangu mwisho wa Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimekatazwa kupika kwa kuni na mkaa; ni jambo jema, lakini mchoma mkaa hajaambiwa ale nini badala yake. Ndiyo maana tunaipenda ile kazi ambayo imekuwa ikifanywa Dodoma tangu 2018 kwa jina la Kisiki Hai. Haina viriba, haina vitalu, haina maji ya kubeba. Mkulima huchagua chipukizi mbili tatu katika kisiki kilichobaki shambani, hupogoa nyingine, hufunga kitambaa kuwa alama, na kisiki chenye mizizi ya miaka mingi hupanda haraka kuliko mche wowote. Yale matawi aliyopogoa ni kuni mwaka ule ule. Niger walifanya hivyo tangu miaka ya 1980 mpaka hekta zipatazo milioni 5 zikarudi kuwa na miti. Na huko Niger jambo lililofungua mlango lilikuwa hili: mkulima aliacha kuogopa ya kuwa mti wa shambani mwake ni wa serikali.

Baba yake yule mzee wa mbuzi alikuwa akifanya Kisiki Hai kabla ya jina hilo. Hakupewa fulana.

Lakini hata kisiki kinahitaji mahali pa kuulizwa. Wakulima wanaoshika kazi hii kwa miaka ni wale ambao jirani atawauliza, ambao ng'ombe wa mwenzao akiingia shambani lipo baraza litakaloamua siku hiyo hiyo. Penye mkulima peke yake, mwaka wa pili ng'ombe wa mtu mkubwa wakishakula chipukizi zake na hakuna aliyemsikiliza, ataacha. Nasi tutaandika katika taarifa ya kuwa mwamko umeshuka.

Twawaomba viongozi wa wilaya na wa kata, mnapoalikwa tena kupanda mti, ombeni kibao kiandikwe jina la nyumba itakayoutunza, na ikubaliwe mbele ya mkutano wa kijiji, kwa maandishi, ya kuwa kivuli chake, matunda yake na kuni zake ni za nyumba hiyo. Mkiona aibu kukosa jina lenu kibaoni, rudini Oktoba mkaupige picha ukiwa hai. Tena njooni Desemba, mvua zikishika, siyo Aprili.

Na twawaambia makatibu wa matawi. Mwezi wa Oktoba, mwisho wa kiangazi, kabla tone la kwanza halijaanguka, kila balozi azungukie nyumba zake kumi ahesabu miti iliyo hai: iliyopandwa, na visiki vilivyoachwa vikakua. Asihesabu matundu wala vibao. Hesabu isomwe katika mkutano wa tawi, kila mtu aisikie na aipinge kama ni ya uongo. Kisha mtuletee. Gazeti hili litaichapa, tawi kwa tawi, kuanzia Chunyu mpaka Lumuma, na mwaka unaofuata tutaichapa tena kando ya ile ya kwanza. Tawi ambalo hesabu yake ni sifuri litachapwa sifuri. Tawi ambalo halitaleta hesabu tutaliachia nafasi tupu mbele ya jina lake, na wanachama wake watajua la kumwuliza katibu wao.